Siku arobaini, nia moja: shajara ya kibarazani Mwanga

Kabla ya kuanza

Mdogo wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo naandika.

Mradi wenyewe ni huu: siku arobaini za yoga, kila asubuhi saa kumi na mbili, kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba tunayopanga hapa Mwanga, Kigoma. Saa hiyo kwetu bado ni gizagiza, maana sisi wa magharibi jua linatufikia mwisho. Tuko watano. Kila mmoja anakuja na nia moja na kuibeba hiyohiyo mpaka siku ya mwisho. Hakuna ada wala mwalimu mwenye cheti. Naongoza mimi kwa sababu nilianza kabla ya wenzangu, basi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeinamia cherehani ya miguu miaka kumi na minne, na mwaka juzi mgongo ulianza kunidai. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionyesha mikao miwili mitatu, mingine nikajifunza kwenye simu, na maumivu yamepungua sana. Si ajabu. Tangu 2017 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kinashauri mwenye maumivu sugu ya kiuno aanze na tiba zisizo dawa, yoga ikiwamo, kabla ya kukimbilia vidonge. Kwa hiyo mgongo tuuache, umeshapata pa kusemewa.

Ninachotaka kujaribu ni neno nililokutana nalo baadaye: sankalpa. Ni la Kisanskriti, maana yake azimio la ndani, jambo ambalo moyo umelishika. Swami Satyananda Saraswati, aliyeanzisha shule ya yoga huko Munger, jimbo la Bihar, India, miaka ya 1960, alilipa nafasi yake katika zoezi la yoga nidra. Unalala chali, mwili umelegea, unasema kimoyomoyo sentensi yako fupi mara tatu mwanzoni, na mara tatu tena mwishoni kabla hujafumbua macho. Sentensi ni ileile siku zote mpaka itimie.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kibandani. Kwetu Ujiji mtoto wa miaka saba anajua kunuia. Usiku wa Ramadhani mama alikuwa anatuamsha kula daku, na kabla hujanyoosha mkono kwenye kikombe anauliza, "Umenuia?" Ukisema bado, kikombe kinasubiri. Yaani neno tunalo, tena limechakaa kwa kutumika. Sijawahi tu kulipeleka nje ya mfungo.

Siku ya 1

Leo ilikuwa siku ya mikeka, nia hatukuigusa kabisa.

Mkeka wa plastiki juu ya saruji yenye umande ni sabuni. Tulipofika mkao wa mbwa, mikono na nyayo chini, kiuno juu, mikono ya Mwalimu ilimkimbia mbele na kidevu chake kikabusu sakafu. (Mwalimu anafundisha shule ya msingi. Sitataja majina ya watu humu, nitawaita kwa kazi zao.) Tukasimamisha zoezi. Kijana wa bodaboda akaenda kwake, akarudi na mpira wa ndani wa tairi uliokwisha kupasuka.

Nikaukata vipande vyembamba, upana wa vidole viwili, ili nivishone kwenye pembe za mikeka. Cherehani ikagoma. Kile kiguu kinachokandamiza kitambaa kinang'ang'ania mpira, mshono unarundikana sehemu moja. Dawa yake ni ya zamani: tandika karatasi ya gazeti juu ya mpira, tia sindano namba 18, shona polepole kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, kisha chana karatasi. Mikeka mitano, pembe ishirini, saa mbili na nusu. Wateja wawili walipita wakanikuta nashona matairi. Mmoja alikuwa amekuja kuchukua sketi yake. Nikamwambia kesho.

Siku ya 2

Nilidhani kutaja nia ni kazi ya dakika kumi. Chai ilipoa tukiwa bado tunabishana.

Zilizoletwa ni hizi. Mwalimu: nitapungua kilo nane. Kijana wa bodaboda: nitanunua pikipiki yangu, niachane na mkataba. Mama wa dagaa, jirani yetu anayenunua na kuanika dagaa Kibirizi: mume wangu ataacha pombe. Mdogo wangu aliye chuo: nitafaulu mtihani wa marudio. Mimi: mgongo utapona.

Ni mambo mazuri yote, na hakuna nia hata moja. Ni malengo, na moja ni dua. Niliwauliza swali ambalo nilijiuliza mwenyewe usiku: je, unaweza kulitimiza leo kabla jua halijazama? Kilo nane haziondoki leo. Pikipiki hainunuliwi leo. Na la mume wa Mama wa dagaa haliko hata mikononi mwake. Liko mikononi mwa mume, naye saa ile alikuwa amelala.

Mwalimu ndiye aliyenasa kitu cha pili. Alituandikia zote tano kwa chaki ukutani, akapigia mstari silabi moja katika kila sentensi. Nitapungua. Nitanunua. Ataacha. Nitafaulu. Utapona. Wanaofundisha sankalpa husisitiza isemwe kama jambo lililopo, lisisogezwe mbele. Kiswahili chetu kinalimaliza hilo kwa silabi hiyo moja. "Nitasema kweli" ni ahadi. "Nasema kweli" ni hali, na ukiitamka wakati si kweli unasikia aibu papo hapo.

Na hiyo -ta- mimi naijua kuliko wote waliokuwa pale. "Itakuwa tayari kesho." Ndiyo iliyonilelea watoto.

Siku ya 4

Mama mmoja mtu mzima alikuja kibandani mara ya tatu kufuata gauni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa bila kukaribishwa.

"Gauni?"

"Mama yangu, njoo Ijumaa."

Akanitazama muda. "Ijumaa ya kalenda au Ijumaa ya fundi?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na mkono wangu mmoja ulikuwa unasukuma mfuko wa vitambaa chini ya meza kwa mguu ili asione kuwa gauni lake halijakatwa. Mkono unasukumaje kwa mguu, sijui. Ndivyo fundi anavyokuwa akibanwa, viungo vyote vinadanganya pamoja.

Usiku sikucheka. Nilipolala chali kwenye mkeka nikajaribu kusema "mgongo wangu uko huru", sentensi niliyoikopa mahali, na haikushika. Ilikuwa kama kuvaa nguo ya mtu. Ikaja yenyewe nyingine: Nikitaja siku, ni siku.

Maneno manne. Tumbo lilinikaza nilipoyasema. Nikajua ndiyo.

Siku ya 5

Nimewaeleza wenzangu habari ya tumbo. Labda hicho ndicho kipimo bora kuliko maswali yangu ya juzi. Nia inayokupendeza tu masikioni, ile ya kuandika kwenye picha ya machweo, haikugusi popote. Iliyo yako inabana mahali.

Mama wa dagaa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi sijawahi kula chakula cha moto usiku." Tukamsubiri. Akaeleza kuwa kila siku anapika saa moja, anawalisha watoto, halafu anakaa kumsubiri mume. Saa nne, saa tano. Mume akirudi ameshakula au amelewa asitake. Naye anakula ugali uliokauka peke yake, migebuka imepoa, mawese yameganda juu ya mchuzi.

Nia yake: Nakula chakula kikiwa moto.

Hakuna aliyeongeza neno. Mume hayumo ndani ya sentensi hiyo, na bado yumo.

Mwalimu ana darasa la watoto zaidi ya tisini na huwaita "wewe wa nyuma" na "wewe mwenye sweta". Akachukua: Kila mtoto kwa jina lake. Kilo nane amezibakiza pembeni kama lengo, si dhambi. Kijana wa bodaboda: Naendesha kama nimempakia mama yangu. Mdogo wangu bado anatafuta.

Siku ya 7

Mkao wa mwisho katika yoga, ule wa kulala chali umelegea, unaitwa savasana, na sava kwa Kisanskriti ni maiti. Nilikosea kuwatafsiria. Mama yangu mzazi, ambaye hutuangalia kutoka mlangoni na kikombe chake cha kahawa, alishuka ngazi. "Mnajilaza maiti nyumbani kwangu asubuhi yote hii?" Akauliza pia vichwa vyetu vimeelekea wapi. Vilikuwa vimeelekea ziwani, na miguu barabarani. Hakuridhika.

Tumeubadilisha jina. Unaitwa mlalo wa adhuhuri, ingawa tunaufanya asubuhi. Mama ameridhia kwa masharti ya kwamba mtu akisinzia aamshwe.

Nimegundua kitu kuhusu mkao huu. Nilikuwa nataja nia mwanzoni tu, nikiwa nimekaa, akili ikiwa kibandani. Kuisema baada ya mwili kuchoka na kulegea ni tofauti kabisa. Pumzi inapotoka ndefu, sentensi inapita bila kubishiwa. Nimewaomba wote tuseme mara mbili kama wanavyofanya kwenye yoga nidra: kabla ya mkao wa kwanza, na mwisho kabisa.

Siku ya 9

Maneno yamefika mtaani kuwa tunaabudu jua. Yametokana na ule mfululizo wa mikao kumi na miwili unaoitwa salamu kwa jua, ambao mtu aliuona kwenye simu ya mdogo wangu. Sisi hatuufanyi, si kwa sababu ya dini, ni kwa sababu Mwalimu ana presha na kuinama na kuinuka upesi kunampa kizunguzungu. Lakini mtaa hausubiri maelezo.

Nikaenda na mama kwa ustadhi aliyenifundisha juzuu. Nilijua suala lenyewe si geni. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, hasa kwa sababu ya maneno ya ibada yanayoimbwa ndani yake. Saudi Arabia mwaka 2017 iliiruhusu isajiliwe kama mchezo. Ustadhi alinisikiliza, akauliza mawili tu: mnaimba? mnataja jina la yeyote? Nikasema tunataja nia, na nikamwambia yangu. Alicheka mpaka kofia ikasogea. Kanzu yake ya Idi niliichelewesha siku tatu.

Halafu akasema jambo ambalo limeupa mradi sura. Nilimuuliza: nia ya siku arobaini nainuia mara moja, au kila siku? Akasema katika mfungo, Mashafii kama sisi hunuia kila usiku; Wamaliki wanaona nia moja mwanzoni mwa mwezi inatosha. Mahali pake ni moyoni, kuitamka kwa ulimi ni kuusaidia moyo. "Wewe hufungi, unashona," akasema. "Lakini ningekuwa wewe ningenuia kila siku. Moyo unasahau ulipolala."

Njiani mama aliniuliza ile kanzu ilichelewa kwa nini. Nikamwambia kweli: niliichukua nikijua siwezi.

Siku ya 12

Niandike hapa jinsi uongo wa fundi unavyofanya kazi, kwa sababu mtu asiyeshona hudhani ni uvivu.

Mteja akija na kitambaa, akiondoka nacho amekwenda kwa jirani, maana tuko vibanda sita kwa mstari. Kitambaa kikiingia kwenye mfuko wangu, hatoki tena. Nimempima, nimechukua malipo ya awali, amefungwa. Kwa hiyo lazima nimtajie siku anayotaka kuisikia. Siyo siku ninayoweza. Nina nguvu ya nguo nne kwa siku na ninapokea za siku kumi kwa siku moja. Baada ya hapo ni kupanga nani anapiga kelele zaidi, huyo ndiye anashonewa. Wapole wanangoja. Nimeandika sentensi hiyo na nimeiacha.

Leo nimetaja siku za kweli kwa wateja watano. Wawili walichukua vitambaa vyao wakavuka kwenda kibanda cha pili. Mmoja nilimsikia akiahidiwa kesho.

Siku ya 15

Ni giza sasa ziwani, mwezi haupo, na wavuvi wanatoka kila usiku na taa zao. Mama wa dagaa hawezi kuja. Saa kumi na mbili yuko Kibirizi ananunua beseni kwa beseni, kisha anaanika. Nilimfuata huko jioni nikamkuta ameinama kwa magoti yaliyokunjwa, nilivyomfundisha, anageuza dagaa. Anasema nia yake anaisema anapomwaga beseni la kwanza, mara tatu, halafu ya mwisho anapofunika. Savasana yake ni kuegemea mtumbwi.

Na chakula? "Juzi na jana." Siku nyingine zote amesubiri. Aliposema "juzi na jana" alitazama maji. Tanganyika kuna mahali inafika kina cha mita 1,470. Sikumhimiza aseme zaidi.

Siku ya 18

Mdogo wangu amebadilisha nia mara ya nne. Ya kwanza subira, ya pili kuamka mapema, ya tatu kutoshika simu, leo ni shukrani. Tuligombana kidogo. Mimi nikasema sankalpa haibadilishwi kila ukikutana na nyingine nzuri zaidi. Yeye, msomi, akanitolea Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, ambako inasemwa kuwa hawi yogi, yaani mtu wa yoga, asiyeiacha sankalpa. Neno lilelile! Nikabaki na futi shingoni.

Tulizungumza hadi usiku. Nilivyoelewa, pale inasemwa ile sankalpa ya kutaka matunda, ya moyo kujipangia raha zake. Hapo nikaona kwa nini malengo yetu ya siku ya pili hayakukaa. Yalikuwa yanatazama tunda. "Nikitaja siku, ni siku" haina tunda. Nikiitimiza sipati kitu, gauni tu limekwenda kwa mwenyewe.

Mdogo wangu hakukubali wala kukataa. Amerudi kwenye subira.

Siku ya 21 hadi 23

Hakuna zoezi. Sare za harusi, magauni ishirini na mawili, umeme ulikatika usiku mmoja nikashona kwa taa ya simu. Mgongo umerudi kupiga kelele. Kijana wa bodaboda naye hajaonekana tangu siku ya 19. Mwenye pikipiki amepandisha hesabu ya siku na sasa kijana anaanza kazi saa kumi na moja.

Siku ya 24

Tumerudi watatu. Nilijisikia kama niliyekula mchana wa Ramadhani. Kwenye sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya yoga, kuna maelezo ya mazoezi yanayoshika mizizi: yafanywe muda mrefu, bila kukatika, kwa heshima. Hilo la katikati nimeshalivunja. Mwalimu, ambaye ni Mkatoliki na ana Kwaresima zake nyingi za kuvunjika, akasema kwake siku iliyovunjika huwa haifutwi, inabebwa. Tukafanya mikao mitatu tu: paka na ng'ombe, ule wa mtoto, na mlalo wa adhuhuri. Dakika kumi na tano. Nikanuia.

Zile sare zote ishirini na mbili zilitoka siku niliyotaja. Sikufanya yoga na nilitimiza nia. Hilo nimelala nalo usiku nikiligeuza, na bado sijui niliandike safu gani.

Siku ya 26

Mbalamwezi imerudi, Mama wa dagaa naye. Amekula chakula cha moto siku sita mfululizo. Mume aliuliza mara moja kwa nini hasubiriwi. Akamjibu, "Chako kimefunikwa." Basi.

Leo nimejifunza kufunga kamba kati ya kibaraza na kibanda. Tatizo langu lilikuwa hivi: asubuhi nia ninayo, saa nne mteja anaingia, ulimi unatangulia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya watu wanaotaka jambo na wasilifanye, akaonyesha kuwa inasaidia kuamua mapema: likitokea hili, nafanya hili. Nami nimejiwekea: mteja akisema "lini", navuta pumzi moja, nafungua daftari, ndipo nasema.

Pumzi moja ni ile ileile ya kibarazani, ndefu, ya puani. Ukiipima kwa cherehani ni mikanyago sita. Katika mikanyago sita nimeona mambo. Mteja wa kwanza, dada mwenye kitenge cha kwaya, alidhani nimekasirika. Wa pili alisema mwenyewe, kabla sijajibu, "Au wiki ijayo?" Kumbe miaka yote nilikuwa nakimbilia kuwajibu watu ambao hawakuwa na haraka.

Siku ya 29

Kuna mfuko chini ya meza yangu ambao humu sijautaja. Una kitambaa cha suti, kijivu, kizuri, alichokileta mzee mmoja mwezi wa pili. Nilikata mguu wa suruali vibaya. Nilishika upande usio wenyewe, mkasi ukapita. Tangu hapo kila akija nilimwambia wiki ijayo. Kisha akaacha kuja, anapita tu barabarani na kuinua mkono.

Siku hizi kila nikisema nia mara ya tatu, ninaona ule mfuko. Nimejaribu kuubadilisha mkao, kulala ubavu. Upo.

Siku ya 33

Nilimwita mzee alipokuwa anapita. Shikamoo, marahaba. Nikamtolea mfuko nikamwonyesha mguu ulioharibika, nikasema nilikata vibaya mwezi wa pili na nimekudanganya tangu siku ile. Nilikuwa nimehesabu pesa ya kitambaa na ya usumbufu, nimeifunga kwenye karatasi.

Aliushika mguu wa suruali akaupima kwa jicho. Akauliza kama koti linawezekana kwa kilichobaki. Nikavuta pumzi, nikasema halitoshi mikono. Akachukua pesa bila kuhesabu, akachukua na kitambaa, akaondoka. Hakusema amesamehe. Hakusema neno lolote.

Nilitarajia nitajisikia mwepesi. Nilisikia kichefuchefu mpaka jioni. Nawaandikia hivi kwa sababu yale mafunzo ya kwenye simu huishia kwenye wepesi.

Siku ya 36

Mdogo wangu amepakiwa na kijana wa bodaboda kutoka stesheni bila kupanga. Kijana alisimama kabla ya kila kona, akamwambia ashike vizuri, na kwenye mteremko alizima mbwembwe zote. Mdogo wangu akamuuliza kama bado ana nia. Akasema, "Ipi?" Kisha akacheka. Hatujui alikuwa anatania.

Siku ya 38

Mvua ya kwanza, ya upepo kutoka ziwani. Tumehamia sebuleni, mikeka mitatu imebanana kati ya kabati na kitanda cha mama. Mama hakuwa na pa kwenda kwa hiyo alilala chali naye. Alisinzia. Tukakumbuka sharti lake mwenyewe la kuamshana, hakuna aliyethubutu.

Siku ya 40

Tumekutana wanne. Hatukufanya sherehe, ila Mama wa dagaa alileta dagaa wa kukaanga na ugali wa muhogo, tukala asubuhi hiyo, ukiwa unatoa moshi.

Mwalimu anajua majina sitini na nane. Ana orodha ya waliobaki kwenye mfuko wa sketi. Amepungua kilo moja na nusu, na anasema hizo amezipata kwa kuzunguka darasani. Mdogo wangu mtihani wake ni wiki ijayo. Ameacha kuuliza kama shukrani ni bora kuliko subira.

Langu liko kwenye daftari. Tangu siku ya 5 nimetaja siku mara arobaini na moja. Thelathini na tatu zilitimia. Tano niliona zinateleza nikampigia mteja siku moja kabla. Tatu nilishindwa, na moja kati ya hizo ilikuwa uongo mtupu, wa zamani, ulitoka kabla ya pumzi. Wateja sita wamehama, ninaowajua. Mapato yamepungua. Aliyeniuliza habari ya Ijumaa ya fundi amerudi na vitambaa viwili na hakuuliza lini. Ilibidi nimtajie mwenyewe.

Wenzangu wanataka tuanze arobaini nyingine na nia mpya. Nimewaambia waanze, mimi nitabaki na hii. Pembe mbili za mkeka wa Mwalimu zimeachia mpira, nizishone leo usiku, na kesho asubuhi kuna mashati mawili ya mwanafunzi. Nimesema saa nne.